Sungura wa Senti Hamsini

Kuna harufu ambazo hazina adabu. Hazibishi hodi. Gundi ya pancha ni mojawapo. Naweza kuwa napita mtaa wowote wa mji huu, nina haraka zangu na mkoba begani, halafu fundi mmoja afungue kopo lake kando ya barabara, na hapo hapo miguu yangu inarudi kuwa mifupi, ina vumbi jekundu mpaka magotini, na mbele yangu kuna mgongo wa mtu aliyeinamia beseni, anatazama mapovu yanatoka wapi kwenye tyubu aliyoizamisha majini. Ule mgongo ni wa Baba.

Kopo lake sasa liko juu ya meza ninayoandikia. Zamani lilikuwa la maziwa ya unga. Picha ya ng'ombe imefutika, imebaki pembe moja. Shangazi alinikabidhi baada ya mazishi, akilia na kucheka kwa wakati mmoja. "Chukua takataka za baba yako," alisema. "Sisi huku hatuna magari." Ndani mlikuwa na tupa, kisu kifupi cha kukatia mpira, tyubu za gundi zilizokauka, na viraka. Nililifunga kama nilivyolipokea. Kwa muda mrefu nilitaka harufu tu.

Tuliishi Lusahunga, pale malori yanapochukua njia ya Rusumo. Kwao Baba ni Kanazi, upande wa Ngara, kwenye migomba na kahawa ya Bibi, na ndugu zake wote walibaki huko na majembe yao. Yeye alihamia njia panda kwa sababu, kama alivyopenda kuwaambia, migomba haipati pancha. Kibanda chake kilikuwa na kompresa moja iliyokohoa kama mzee, rundo la matairi, na kando yake kibanda cha pili, cha Mama, cha chai na chapati na maharage. Dereva akishuka, gari lilitibiwa na Baba na tumbo likatibiwa na Mama. Mimi nilikuwa katikati, na nilidhani ulimwengu wote umepangwa hivyo: huku moshi wa kuni, huku harufu ya gundi, na mbele barabara inayoleta watu.

Albamu ya sarafu aliipata Mama. Msafiri mmoja gari lake lilimlaza kwetu, na asubuhi, alipomwona Mama ameiinamia mezani bila kuigusa, mikono ameiweka nyuma kama aliye mbele ya altare, akamwachia. Ilikuwa kitabu kinene chenye jalada la rangi ya maharage yaliyoiva, na kurasa zake zilikuwa za karatasi ngumu iliyotobolewa mashimo ya duara. Chini ya kila shimo paliandikwa jina la sarafu inayotakiwa kulala humo: faranga za Burundi, faranga za Rwanda, shilingi za Uganda na Kenya, na ukurasa wa mwisho wetu sisi. Mashimo karibu yote yalikuwa matupu. Mama, ambaye shule yake iliishia darasa la nne, alikipenda kuliko kitabu chochote. "Hiki hakina maneno," alisema. "Hiki hata mimi nakisoma."

Akaanza kuwaomba madereva. Wengi walikuwa na sarafu za nchi walizotoka zikigongana mifukoni bila kazi.

"Hii ya Burundi nimeitoa kwenye soksi, Mama Devota," mmoja alimwambia. "Ina baraka za mguu wangu."

"Basi nitaichemsha na maharage yako," Mama akajibu, na kibanda kizima kikacheka.

Huyo ndiye Mama ninayemkumbuka. Halafu mvua zikakatika, wateja wakapungua, na mwisho wa mwezi mmoja nikamwona amevaa viatu vya kanisani siku isiyo ya kanisa. Alikuwa anakwenda kutafuta mtaji, kwa muda mfupi, huko lori lilikokuwa linarudi. Baba alimbebea begi mpaka barabarani. Kabla hajapanda, Mama aliinama akanishika mashavu. Mikono yake ilinuka unga.

"Msiache kujaza yale mashimo," alisema. "Nikirudi nataka nikute kimejaa."

Maneno hayo niliyachukua kama mtoto anavyochukua maneno, yaani yote, bila kubakisha. Kimejaa, atarudi. Lakini sikujua ni kwa nguvu gani kitabu kinaweza kumrudisha mtu, mpaka likizo ile niliyopelekwa kwa Bibi Kanazi.

Bibi alikuwa mtu wa jumuiya, na mtu wa novena. Kina mama walikusanyika barazani kwake jioni, rozari zikitambaa vidoleni, wakiomba jambo moja kwa siku tisa. Mvua iliombewa hivyo. Mguu wa baba mdogo ulioteguka uliombewa hivyo. Na mwaka ule ng'ombe wa Bibi alikuwa amepotea, akaombewa, na siku ya tisa yenyewe, wakati watu wanaimba, ng'ombe akaingia uani peke yake, shingoni ana kamba ya mtu mwingine. Nilimwona kwa macho yangu. Mpaka leo nikisikia neno imani naiona ile kamba.

"Siri ni nini, Bibi?" nilimwuliza.

"Hakuna siri, mwana wanje," alisema, yaani mwanangu kwa lugha ya kwao. "Ni kutokuruka. Siku tisa zijae. Ukiruka moja tu, umeivunja, unaanza tena."

Niliporudi Lusahunga nilifungua albamu. Kila ukurasa ulikuwa na mistari mitatu, na kila mstari mashimo matatu. Nilihesabu kwa kidole, nikahesabu ukurasa wa pili, wa tatu. Tisa, tisa, tisa. Nikamkimbilia Baba, aliyekuwa anakwangua tyubu kwa tupa tayari kwa kiraka.

"Baba! Kitabu cha Mama ni novena!"

Aliacha kukwangua. Nilimweleza yote: mashimo, ng'ombe, kamba, na kwamba tukijaza kila ukurasa bila kuruka, Mama ataingia uani mwenyewe. Nilitegemea acheke. Alipuliza vumbi la tupa kutoka kwenye mpira.

"Basi tusali," alisema.

Nikikumbuka utoto, ni kipindi kile ninachokitamani, ingawa kwa haki kingepaswa kuwa kipindi cha huzuni. Baba alijifunza kupika ugali usio na mabonge. Mimi nilijifunza kusoma namba za magari kwa mbali na kujua lipi limetoka wapi. Madereva walileta salamu za Mama mwanzoni: yuko Kahama, yuko mbele ya Kahama, anawasalimu sana. Walileta na sarafu. Kila moja niliiosha kwa sabuni, nikaifuta kwa upindo wa gauni, na Baba akaibonyeza shimoni kwa kidole gumba kama anavyobonyeza kiraka. Halafu tulifanya ishara ya msalaba. Ukurasa wa Burundi ukajaa. Wa Rwanda ukajaa. Kila ukurasa ulipojaa nilifagia uwanja mpaka barabarani. Sikushangaa Mama alipokuwa hajatokea bado. Nilijua zote ni lazima zijae, na ukurasa wa mwisho ndio amina.

Ukurasa huo ulikuwa wa kwetu, na ndio uliotushinda. Sarafu za kawaida tuliweka siku moja, pamoja na ile ya shilingi hamsini yenye kifaru na mtoto wake, ambayo niliipenda kwa sababu zinazoeleweka. Senti kumi ya pundamilia ilitoka kwenye kijaluba cha rozari cha Bibi. Yakabaki mashimo manne: senti tano ya samaki, senti ishirini ya mbuni, senti hamsini ya sungura, na shilingi ya zamani ya mkono ulioshika mwenge. Pesa hizo zilikuwa zimekufa kabla sijazaliwa. Tuliuliza Nyamahanga, tuliuliza minadani. Walizotuonyesha zilikuwa zimetobolewa katikati, zimekuwa washa za misumari au hirizi za watoto, na samaki mmoja alikuwa amekwanguliwa mpaka amebaki mkia.

Ndipo dereva mmoja akamtaja Bi Zuhura wa Biharamulo mjini, ambaye Baba aliwahi kumzibia matairi. Ukoo wake ulitoka pwani zamani, na duka la vitenge na vyombo alilirithi kwa marehemu mumewe, mzee aliyekuwa na wazimu wa sarafu. Tulipanda pikapu ya mchuuzi wa ndizi. Bi Zuhura tulimkuta juu ya kiti chake nyuma ya meza, miwani imening'inia kwa kamba, anakunywa kahawa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na wewe fundi, leo umetuletea upepo wa kompresa?"

"Nimekuja kwa salafu, Mama."

"Sarafu, fundi! Sarafu! Miaka yote unaziba matairi ya Waswahili, ulimi wako bado unavuja."

Baba alicheka mpaka akafuta macho. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu viatu vya kanisani.

Bi Zuhura alitandaza kitambaa akatuonyesha alizokuwa nazo moja moja, zimechakaa, na kila aliyoigusa bei yake ilimfanya Baba arudishe mkono. Mwisho yule mama akamhurumia.

"Nikuambie alichokuwa akisema marehemu. Anayejaza albamu kwa kuokota moja moja hufilisika na albamu haijai. Chukua seti." Akainuka, akapekua nyuma ya majora, akarudi na kiboksi cha bluu kisichozidi kiganja. "Watu wanaziogopa hizi kwa sababu zinang'aa, wanadhani ni mali ya mfalme. Kumbe senti moja adimu iliyochujuka inaweza kukumaliza kuliko boksi zima. Hapa mashimo yako manne yanaziba kwa mpigo."

Alifungua kifuniko. Chini ya plastiki ngumu iliyofungwa pande zote, juu ya kitambaa laini, zilikuwa zimelala zote nne. Sijaona kitu safi kama kile, wala kabla wala baadaye. Nyuma ya sungura, pale ambapo pesa nyingine ina ukungu wa mikono ya watu, palikuwa na kioo. Kioo kabisa.

"Hizi hazijanunua hata kiberiti," alisema Bi Zuhura. "Zilipigwa zitazamwe tu. Lakini nisikilize, fundi. Ukiifungua, umeifungua. Hazitaki kidole, hazitaki hata pumzi."

Mimi nilikuwa nimeinama na pumzi zangu zote. Ndani ya kioo kile, juu ya masikio ya sungura, kulikuwa na uso mdogo wa mwanamke unaonitazama. Watu wote walisema nimefanana na Mama kama mbegu mbili za kunde. Kwetu hakukuwa na kioo zaidi ya kile kipande cha Baba cha kunyolea ndevu, na sikuwa nimezoea sura yangu. Nilichoelewa ni kwamba Mama amekaribia kiasi cha kuonekana.

"Baba, nunua," nilinong'ona. "Yumo."

Baba alitoa alichokuwa nacho, sarafu zilizozidi za nchi jirani na matairi mawili ya pikapu aliyokuwa ameyatunza ili siku moja yageuke bati za nyumba yetu. Mchuuzi wa ndizi aliyapeleka wiki iliyofuata. Bi Zuhura hakudai zaidi.

Seti tuliiweka kando ya picha ya Bikira Maria, tukakubaliana tutaifungua Jumapili baada ya misa, ili novena imalizike vizuri. Kabla ya Jumapili alipita dereva tuliyemwita Redio. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuzimika. Alianza kuongea kabla hajazima injini. Siku ile alishuka kimya. Alimchukua Baba nyuma ya rundo la matairi, na Redio yule yule akazungumza kwa sauti ambayo haikunifikia hata kidogo. Niliona kofia yake tu, ikiinama, ikitikisika. Kisha Baba akarudi kwenye kazi yake, akaweka mpira wa kompresa kwenye tyubu ya baiskeli, akaanza kujaza upepo. Ikavimba. Ikawa nene kama mguu wa mtu. Madereva wakapiga kelele, "Fundi! Fundi, inatosha!" Baba hakusikia. Ilipasuka kwa mlio uliowarusha kuku wote wa njia panda, naye akabaki ameshika kipande cha mpira, anakitazama kama mtu aliyepewa kitu asichokiagiza.

Nilidhani kompresa imeharibika. Niliihurumia kompresa.

Redio alinitilia sarafu kiganjani kabla ya kupanda gari. Sikuwa nimewahi kuiona ya namna hiyo.

"Ya wapi hii?"

"Ya Zambia. Mpakani kule, mbali."

"Mama yuko huko?"

Alitazama kibanda cha chai kilichofungwa, akatazama buti zake. "Muulize baba yako, mwanangu," alisema, akaondoka bila kupiga honi. Kwenye albamu hapakuwa na shimo la sarafu ile.

Jumapili tulitoka misa, na Baba akakaa kitandani na kiboksi magotini bila kukifungua.

"Unajua, mwanangu," alianza, "hizi ni nzuri zaidi zikibaki hivi."

"Hapana, Baba."

"Bi Zuhura amesema. Ukiifungua umeifungua."

"Lakini mashimo!"

"Mashimo yanaweza kungoja. Tungoje mpaka Krismasi."

Hapo nililia. Nililia kilio cha mtu mzima, nimekaa sakafuni, nikimwambia kwamba yeye hataki Mama arudi, kwamba anakula ugali wake amenyamaza kama vile Mama hakuwahi kuwapo, kwamba Bibi alisema tusiruke. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akanawa tena, akachukua kile kisu kifupi cha mpira na kuchana plastiki ukingoni, polepole. Sarafu hakuzigusa kwa vidole. Alizishika kingo kwa vipande vya tyubu. Samaki akaingia. Mbuni akaingia. Mwenge ukaingia. Sungura alinipa mimi.

Nikambonyeza. Ukurasa ukajaa.

Siku ya pili sikwenda shule, na Baba hakunilazimisha. Nilifagia uwanja. Nilipanga vikombe vya Mama kwenye meza ya kibanda chake na kuviosha tena kwa sababu ya vumbi. Nikakaa kwenye tairi kando ya barabara nimevaa gauni la Pasaka, na kila lori lililopunguza mwendo nilisimama. Yalishuka madereva, wakashuka matingo, akashuka mama mmoja mwenye kuku ambaye kwa mbali alikuwa na mwendo wa Mama na kwa karibu hakuwa nao. Baba aliziba pancha zake bila kuinua kichwa. Jua lilipoinamia upande wa Rusumo alikuja akakaa kwenye tairi pamoja nami. Nakumbuka nilikuwa nafikiri jambo moja tu, na lilikuwa zito kuliko umri wangu: kwamba novena imejaa, imesaliwa bila kuruka, na Mungu amesikia, na amesema hapana.

Asubuhi iliyofuata Baba aliniamsha.

"Devota. Njoo uone maajabu."

Albamu ilikuwa wazi juu ya meza, ukurasa wa mwisho. Samaki yupo, mbuni yupo, mwenge upo. Katikati ya ukurasa palikuwa na shimo tupu.

"Sungura ametoroka," alisema Baba. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. "Unazijua tabia zake."

Nilipiga magoti nikatazama chini ya meza, chini ya kitanda, kwenye majivu. Baba naye alitafuta, aliinua hata mkeka. Na nilipokuwa nimelala kifudifudi na shavu kwenye udongo wa baridi, furaha ikanipanda kama maji. Haikuwa imejaa! Jana yote haikuwa imejaa! Mungu hakuwa amesema hapana. Hakuwa ameulizwa bado. Niliruka nikamkumbatia Baba kiunoni, harufu ya gundi ikanijaa puani, nikamwambia asihuzunike, tutampata.

"Tutampata," alisema juu ya kichwa changu. "Taratibu tu."

Tulimtafuta sungura yule miaka mingi. Hilo ndilo ninalolitamani nikisema nautamani utoto. Jumapili nyingine Baba alinipandisha nyuma ya baiskeli tukaenda kuuliza vijijini, Nyamahanga na kwingine, na wazee walitukaribisha ndizi za kuchoma na kutupa hadithi badala ya sarafu. Kila dereva alijua. "Sungura hajarudi?" walipaza sauti kutoka madirishani, na mimi nikajibu, "Bado!" Nilikua huku natafuta. Sijui ni siku gani niliacha kuamini, kama vile mtu asivyojua ni siku gani aliacha kubebwa mgongoni. Siku fulani tu nilikuwa msichana wa sekondari aliyejua kwamba mama yake ana nyumba nyingine, na watoto wengine, kule mpakani Tunduma, na kwamba Redio ndiye aliyeileta habari hiyo. Kuhusu sungura sikufikiri tena. Vitu vidogo hupotea.

Mama yangu yu hai. Anauza vitenge. Alinitafuta nilipoanza chuo, na tangu hapo tunaongea kwenye simu, tunaulizana afya na mvua, tunaheshimiana kama majirani wema wenye ukuta katikati.

Mwaka ambao Baba aliugua, nilikikuta kiboksi cha bluu kama kile kwa muuza vitu vya kale hapa mjini, seti nzima, haijafunguliwa. Niliuliza bei ya senti hamsini peke yake, kisha bei ya boksi, na nikacheka dukani, maana marehemu mume wa Bi Zuhura alikuwa bado anasema kweli. Nilisafiri nacho mpaka Kanazi, kwenye nyumba ya Bibi ambako Baba alikuwa amerudi kuuguzwa, nikamwekea kiganjani.

"Baba, sungura yupo humu. Tufungue?"

Alikigeuza geuza. Mikono yake ilikuwa imekuwa safi, na hilo lilinitisha kuliko ugonjwa wenyewe.

"Usikifungue," alisema.

"Na shimo letu?"

"Mwache yule. Atarudi mwenyewe." Akatabasamu, akafumba macho. "Kama ng'ombe wa bibi yako."

Nilidhani ni homa.

Wiki iliyopita nilihitaji harufu yake kuliko siku zote, nikalimwaga lile kopo lote mezani. Viraka vilikuwa vingi, vya ukubwa mbalimbali, na kimoja kilikuwa kinene. Vipande viwili vya tyubu vilikuwa vimegandishwa uso kwa uso, duara, kingo zimekwanguliwa kwa tupa na kubanwa kwa uangalifu ambao Baba aliuweka kwa magari yanayovuka mpaka. Nilikikunja kikagoma. Katikati kilikuwa na kitu kigumu.

Nikachukua kisu chake.

Gundi ilikuwa bado imeshika. Mpira ukaachia kidogo kidogo, kwa sauti ya plasta inayotoka kwenye ngozi, na mle ndani, kwenye giza alilowekewa wakati mimi nimelala na gauni la Pasaka, alikuwa sungura. Hakuwa na ukungu wala kovu. Nyuma ya masikio yake kile kioo kilikuwa bado kioo, na uso wa mwanamke ulikuwa unanitazama. Sasa nimefikia umri aliokuwa nao alipopanda lori. Ni yeye kabisa.

Albamu ninayo. Niliifungua ukurasa wa mwisho, nikamshika sungura kingo kwa vipande vya tyubu kama nilivyofundishwa, nikamweka juu ya shimo. Palibaki kubonyeza tu.

Simu ikaita. Alikuwa Mama. Tuliulizana afya, tukaulizana mvua. Kisha nikasikia pikipiki za Tunduma zikipita nyuma yake.

"Devota," alisema, "kile kitabu cha mashimo. Mlikitupa?"

Hakuwahi kuniuliza. Katika miaka yote ya simu, hakuwahi.

"Ninacho, Mama."

"Kilijaa?"

Nilimtazama sungura. Nilimwona Baba sakafuni, mkeka mkononi, akitafuta alichokuwa amekificha.

"Bado," nilisema. "Limebaki shimo moja."

Sauti yake ikawa ndogo, na kwa mara ya kwanza ilinuka unga.

"Basi msiache kujaza," alisema.

Leo asubuhi nilimpelekea fundi wa pancha wa kona ya mtaa wetu vipande viwili vya mpira na sungura wao. Aliitazama sarafu, akanitazama mimi.

"Dada, hii si pancha."

"Ziba tu, fundi."

Akapaka gundi, akapuliza, akangoja ikauke kidogo kama inavyotakiwa, akabana. Nilisimama pale na harufu ile mpaka alipomaliza. Halafu, kwa mazoea ya kazi, akakizamisha kiraka chetu kwenye beseni. Tuliinama wote wawili, tukayatazama maji. Hakuna povu lililotoka.